Bunduki ya mazoezi ya Kijerumani ya .22 iliyokatwa: namna ya kuitambua na kuipa thamani

Anza na usalama: fungua bolti, ondoa magazini kama ipo, tazama ndani ya chemba kwenye mwanga, kisha pitisha ufito wa kusafishia kutoka nyuma hadi utokee mdomoni mwa mtutu. Nyingi kati ya bunduki hizi hupakiwa risasi moja moja kwa mkono, lakini Mauser walitengeneza pia za magazini ya risasi 5, kwa hiyo usikadirie kwa kuangalia umbo tu.

Baada ya Mkataba wa Versailles wa 1919 kuibana Ujerumani kwa silaha, mazoezi ya kulenga yalifanyika sana kwa kalibri ndogo. Mwaka 1934 likaja Deutsches Sportmodell, linaloitwa kwa kifupi DSM 34. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 likafuata Kleinkaliber-Wehrsportgewehr, yaani KKW, lililokaribia zaidi umbo la bunduki ya jeshi, Karabiner 98k. Watengenezaji walikuwa wengi: Mauser, Walther, Simson, BSW, Gustloff, Anschütz, Geco na ERMA. Risasi ni .22, ile ambayo fataki yake iko ndani ya ukingo wa ganda, wala si katikati ya kitako cha ganda.

Bunduki iliyokatwa au kubadilishwa isome kwenye chuma kwanza, kwa sababu mbao ndizo hukatwa mapema. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Usitumie sandpepa wala brashi ya waya. Juu ya kisanduku cha bolti na nyuma ya mtutu tafuta jina la mtengenezaji na maneno "Deutsches Sportmodell" au herufi KKW. Maandishi "Kal. .22 lang für Büchsen" ndiyo namna Wajerumani walivyoandika .22 long rifle. Kilengeo cha nyuma cha asili kimepigwa nambari za mita kuanzia 25 hadi 200. Cha 98k hufika 2000, kwa hiyo kikiwa na nambari kubwa hivyo, kimetoka kwenye bunduki nyingine. Chini ya mdomo wa mtutu wa KKW kulikuwa na kishikio cha singe, ambacho DSM 34 halina. Kikiwa kimekatwa, angalia kama kuna alama ya tupa au kiraka cha rangi mpya.

Jina la kiwanda husaidia kupata mwaka. Simson wa Suhl ilikuwa mali ya familia ya Kiyahudi iliyonyang'anywa na utawala wa Nazi katikati ya miaka ya 1930. Kiwanda kikawa BSW, na kuanzia 1939 kikajulikana kama Gustloff-Werke. Kwa hiyo DSM 34 lenye jina la Simson ni la mwanzo kabisa wa mfululizo huo, na jina hilo lenyewe ni sehemu ya thamani yake. Muhuri wa majaribio ya mtutu husaidia pia: taji juu ya herufi N ni la mfumo wa zamani, tai juu ya N ni la sheria ya 1939 iliyoanza kutumika Aprili 1940.

Sasa nambari. Linganisha ile ya kisanduku cha bolti, ya mtutu na ya bolti. Bolti yenye nambari tofauti inashusha bei, na inapasa kukuzuia kufyatua hadi fundi apime jinsi bolti inavyofunga dhidi ya ukingo wa ganda.

Mabadiliko mengi yalifanyika Marekani baada ya vita, bunduki zilizopelekwa na askari zilipogeuzwa za kuwindia. Hapa ndipo pa kukaa kwa muda. Ukiona matundu ya kufungia darubini, jaribu skrubu: Wajerumani walitumia nyuzi za kipimo cha mita, fundi wa Marekani kwa kawaida alitumia skrubu ya 6-48 (nambari 6, nyuzi 48 kwa inchi), yenye kipenyo cha takribani milimita 3.5. Nyuzi hizo zinasema wazi kwamba tundu si la kiwandani. Upime mtutu kwa kufunga bolti na kuingiza ufito kutoka mdomoni hadi uguse uso wa bolti. Wa asili unakaribia sentimita 66. Ukiwa mfupi zaidi, tazama mdomo: mtutu uliokatwa kwa msumeno mara nyingi una ukingo usio sawa, na kilengeo cha mbele kimefungwa kwa skrubu au solda mpya. Kwenye kitako, mwanya wa kupitisha mkanda upande wa kushoto unaweza kuwa umezibwa kwa mbao, na nusu ya mbele ya mbao kukatwa na kuchongwa iwe ya mviringo.

Ubaya wa ndani hauonekani kwa mbali. Kufyatua bila risasi kwa miaka mingi huifanya pini igonge ukingo wa chemba na kuacha kinundu. Ganda lililotumika hutoka kwa shida, au hubaki ndani. Angalia pia mduara mwembamba mdomoni: huo ni dalili kwamba mtutu umewekewa bomba jipya la ndani. Chemba iliyopanuliwa ipokee .22 Magnum ni jambo la kuogopesha zaidi, maana ganda hilo ni pana na lina nguvu kubwa kuliko iliyokusudiwa mwaka 1934. Bunduki ya namna hiyo usiifyatue.

Kuhusu bei, tofautisha kinachorudishika na kisichorudishika. Kitako kilichopakwa vanishi, mkanda mpya au kilengeo kilichobadilishwa ila cha zamani kipo mfukoni, ni kasoro ndogo. Mbao zilizokatwa ni kasoro ya kati: kitako sahihi hupatikana, lakini ukijumlisha bei yake unaweza kupita bei ya bunduki nzima, hivyo fanya hesabu kabla ya kununua. Matundu kwenye kisanduku, mtutu uliokatwa na chuma kilichong'arishwa hadi herufi zikafifia havirudi. Kwa maoni yetu bunduki iliyokatwa mtutu mara nyingi haifiki nusu ya thamani ya mwenzake mzima wa kiwanda kilekile, na linganisha na bei zilizolipwa kwenye minada, si zilizotajwa kwenye matangazo.

Mihuri ya SA (wanamgambo wa chama cha Nazi) au ya chama chenyewe huongeza bei, na kwa hiyo hughushiwa. Kagua kwa kioo cha kukuzia: muhuri uliopigwa baada ya chuma kupakwa rangi ya buluu huwa na chuma kinachong'aa ndani ya herufi na kingo zilizoinuka. Muhuri wa kiwandani una rangi ileile ya pembeni yake, ndani na nje. Usiruhusu muuzaji akutoze kwa muhuri ambao hauwezi kuupima hivyo, na usimwachie fundi azibe matundu kwa kuchomelea au apake rangi upya kwa matumaini ya kupandisha bei. Kisanduku chenye matundu yanayoonekana, yaliyofunikwa kwa skrubu za kuziba, kinamweleza mnunuzi ukweli na kitampata mnunuzi wake.