Katlesi za jodari, zenye samaki kweli

Katlesi nyingi za kununua ni mbatata iliyopitishiwa harufu ya samaki. Mimi natia sawa kwa sawa, nusu kilo ya jodari kwa nusu kilo ya mbatata, na nyumbani mtu akitoka homani au akirudi kazini kachoka, hicho ndicho anachokitaka, na chai ya mkandaa, yaani ya rangi, pembeni.

Soko la Darajani, mjini Zanzibar, nenda asubuhi. Jodari aliyekaa juani huwasha mdomo na kutoa vipele, na sumu hiyo haiondoki kwa moto, hata umkaushe vipi. Nyama ukiibonyeza irudi, isikuachie shimo.

Mchemshe kwa ndimu, kitunguu thomu, tangawizi, chumvi na maji kidogo tu, mpaka yakauke. Akipoa mchambue kwa vidole, maana uma hauoni miba. Mbatata zichemshe na maganda yake zisinywe maji, zimenye zingali moto uziponde hapo hapo. Zikipoa zinafanya madonge.

Sasa kitunguu. Kikate chembamba, kitie chumvi, kisha kikamue hasa mkononi. Maji yake ndiyo yanayozipasua katlesi karaini, halafu watu hulaumu mayai. Changanya vyote na kotmiri, pilipili mbichi, pilipili manga na bizari nyembamba kidogo. Onja, finyanga, bonyeza ziwe bapa, uziweke kwenye friji nusu saa zishikane.

Piga mayai. Dondosha tone moja kwenye mafuta: likifura na kupanda juu papo hapo, anza kuchovya na kukaanga. Mafuta ya uvuguvugu katlesi huyanywa yote. Tia chache chache, na usizigeuze kabla ukingo haujabadilika rangi.

Gramu 100 za jodari mbichi zina protini kama gramu 23, pamoja na vitamini B12 na seleni. Mbatata inaleta wanga na potasiamu. Vibua wana omega-3 zaidi na bei yao nafuu, ila jitayarishe kwa miba. Kinachoiharibu hesabu ni mafuta ya kukaangia, kwa hiyo mwenye presha mpunguzie chumvi na umkaangie kwa kikaango kilichopakwa mafuta tu. Hazitakuwa na vile vinyuzi vya yai, lakini zinalika.

Kula na chatne ya ukwaju. Zikibaki, asubuhi pasua mkate wa boflo utie mbili ndani.