SOMO: Kutoa injini ya petroli na kuweka injini ya dizeli ya 3L kwenye Hilux ya zamani

Wakuu, swali la "nina Hilux ya petroli inakunywa mafuta balaa, naweza kuweka 3L?" nimelijibu hadi vidole vimechoka. Jibu ni ndiyo, unaweza. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Naongelea Hilux za miaka ya 80 na 90 zilizokuja na injini za petroli za 2Y, 3Y, 4Y au 22R, zinazohamia dizeli ya familia ya L. Familia yenyewe ni 2L ya cc 2446, 3L ya cc 2779 na 5L ya cc 2986. Mimi napendelea 3L. Haina turbo, haina kontrol boksi (kompyuta ya injini), pampu yake fundi yeyote wa dizeli anaijua, na spea unazipata kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya hadi Tunduma. Dizeli ya 1KZ-TE msiilete hapa, ile pampu yake inaongozwa na kontrol boksi na itatuvuruga.

Halafu tuambizane ukweli. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo 3L iliyotoka kiwandani na farasi 90 hivi, huku kwetu inabakiwa na kama 75. Anayetaka mbio abaki na petroli yake. Hii ni injini ya kubeba viazi.

HATUA YA 1: Kagua chesisi. Kama imeoza kwenye boksi la stelingi au kwenye hanga za springi, ishia hapo hapo.

HATUA YA 2: Nunua injini pamoja na ndugu zake. Hapa ndipo bajeti za watu zinapofia. Mtu anaenda Gerezani kule Dar kwenye maduka ya spea, analipia injini tupu, anarudi anacheka. Wiki ijayo anatafuta giaboksi, maana ya petroli haikai kwenye 3L, kengele yake, lile ganda linaloungana na injini, ni tofauti. Kisha mikono ya mauntingi, kisha flaiwili na klachi, kisha pedeli ya mafuta na waya wake, kisha chujio la dizeli lenye pampu ya mkono. Kimoja kimoja, kila kimoja kwa bei ya mwenye shida. Ukipata nusu gari ya Hilux ya dizeli, yaani upande wa mbele uliokatwa na injini yake, hata ikionekana ghali, piga hesabu vizuri kabla hujaikataa.

Na uliza injini imetoka kwenye gari gani. 3L za Hiace ni nyingi na bei yake ni rahisi, ila sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Hiace si sampu ya Hilux 4x4. Ukiilazimisha, itakutana na difu ya mbele. Tafuta sampu ya Hilux, chujio la ndani la kunyonya oili na dipstiki yake, vyote vitatu vya gari moja. Ukichanganya dipstiki, utakuwa unapima uongo kila asubuhi.

HATUA YA 3: Pima kompresheni kabla ya kutoa hela. Geji ya petroli usiitumie, dizeli itaivunja. Silinda iliyo chini ya bar 20 achana nayo, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama maziwa mgando, maji yamepita. Chungulia njia za maji kwenye hedi. Kutu nyekundu nene maana yake mwenye gari alikuwa anajaza maji ya bombani miaka yote.

HATUA YA 4: Usafiri. Mwaga oili, ziba matundu yote kwa matambara na selotepu. Lori likinyeshewa Mikumi, maji yanaingia kwenye silinda.

HATUA YA 5: Toa ya zamani. Chenibloku, mti imara au fremu ya chuma, na watoto wakae mbali.

HATUA YA 6: Injini ikiwa bado chini, weka mkanda wa taimingi mpya, oili sili ya nyuma ya krenki, klachi pleti na rilizi beringi. Mkanda ni wa kilomita 100,000 na wewe hujui ulioukuta umetembea ngapi. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

HATUA YA 7: Ingiza. Usichomelee mauntingi hadi giaboksi, propela (shafti inayokwenda kwenye difu) na feni vyote vimekaa na umeona nafasi.

HATUA YA 8: VAKYUMU YA BREKI. Someni hii mara mbili.

Injini ya petroli ikinyonya hewa inatengeneza vakyumu yenyewe, na busta ya breki, wengine mnaiita haidrovaki, inaitumia hiyo kukusaidia mguu. Dizeli haitengenezi. Ndiyo maana altaneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni. Itazame kwa nyuma: utaona paipu nene inayokwenda kwenye busta, na mbili za oili, moja inaleta kutoka kwenye bloku, nyingine inarudisha chini kwenye sampu. Altaneta ya petroli haina hayo mambo.

Kwenye gari langu la kwanza la aina hii tuliacha altaneta ya zamani kwa sababu ilikuwa inachaji vizuri na mimi nilikuwa nabana hela. Paipu ya busta tukaichomeka kwenye manifodi, njia ya hewa ya kuingia kwenye injini. Pedeli ikawa ngumu, gereji wakasema ni pedi mpya, zitalainika. Nikapakia viazi Isongole, nikaanza kushuka kuelekea Igawilo. Nilisimama juu ya pedeli kwa miguu miwili na gari linaendelea kwenda. Kilichonisaidia ni gia namba mbili na tuta la udongo pembeni.

Kwa hiyo: altaneta iwe ya 3L, yenye pampu nzima. Paipu za oili weka mpya, maana iliyopasuka inamwaga oili yote ya injini ukiwa unaendesha na huna habari. Paipu ya vakyumu iwe ngumu, isiyofyonzwa ikajikunja, na vali yake ya njia moja ikae upande sahihi. Kisha jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedeli iwe ngumu. Shikilia hapo hapo, washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, vakyumu ipo. Isipozama, gari halitoki getini, hata kwenda kujaza mafuta. Fundi akikuambia "itazoea", chukua funguo zako.

HATUA YA 9: Umeme. Nyaya ni chache kuliko mnavyoogopa: stata, chaji, taa ya oili, sensa ya joto, hita plagi na rilei yake, na solenoidi ya kwenye pampu inayokata mafuta ukizima. Hita plagi zisome volti, kuna za 6 na za 11. Ya 6 ukiipa 12 moja kwa moja inaungua. Betri iwe N70. Mshale wa mizunguko hautasoma, ule wa petroli ulikuwa unasoma kwenye koili.

HATUA YA 10: Shusha tenki, lioshe, likauke. Weka na paipu ya kurudisha mafuta.

HATUA YA 11: Rejeta ya dizeli. Ile nyembamba ya petroli itachemsha ukifika mlima Kitonga. Toa hewa kwa pampu ya mkono, legeza nati za nozeli, washa.

HATUA YA 12: Kadi ya gari. Namba ya injini, cc na aina ya mafuta vimebadilika, kwa hiyo nenda trafiki wakague, kisha TRA kadi irekebishwe. Bima nao waambie. Tunza risiti ya injini. Siku ukiuza gari, mnunuzi atafunua boneti.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Mafiati: Mkuu, kazi nzima inagharimu bei gani?

Jibu: Inategemea umenunua nini kwenye Hatua ya 2. Soma.

Kijana wa Mafiati: Nimesoma, nataka makadirio tu.

Jibu: Ukiisoma utajua kwa nini sikadirii. Andika orodha, ipeleke kwa wauzaji watatu, jumlisha. Hiyo ndiyo bei yako.

Mwanafunzi wa VETA: Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, kwa nini petroli itengeneze vakyumu na dizeli isitengeneze, wakati zote zinanyonya hewa kwa pistoni?

Jibu: Marahaba kijana, swali zuri. Kwenye petroli kuna kipepeo kwenye njia ya hewa, ndicho unachokifungua ukikanyaga mafuta. Ukiachia mguu kinafunga, pistoni zinaendelea kuvuta, hewa haipiti, ndani ya manifodi panabaki utupu. Dizeli hii haibanwi hewa. Inanyonya kadiri inavyoweza muda wote, na nguvu unaipunguza kwa kupunguza mafuta kwenye pampu. Sasa fikiria: kushuka mlima ukiwa umeachia mafuta ndipo petroli ina vakyumu kubwa kuliko wakati wote, na hapo hapo dizeli haina kitu. Ukimwelewesha hivyo mteja, hatakubishia bei ya altaneta.

Mwanafunzi wa VETA: Nimeelewa kabisa. Na ndiyo sababu petroli inashikilia gari zaidi ukiachia mafuta mlimani?

Jibu: Umegusa penyewe. Kipepeo kikifungwa, pistoni zinahangaika kuvuta, na hilo linakusaidia kupunguza mwendo. Kwenye 3L usitegemee hivyo. Shuka kwa gia ya chini tangu juu, usisubiri hadi breki zinuke.

Bosi Tunduma: Fundi wangu anasema pampu ya vakyumu si lazima, madereva wa zamani waliendesha bila busta.

Jibu: Magari hayo yalitengenezwa hivyo toka kiwandani. Lako halikutengenezwa hivyo.

Bosi Tunduma: Ila amefanya gari nyingi.

Jibu: Mpe hiyo Hilux ashuke nayo Kitonga imebeba, wewe panda basi.

Mama Parachichi Njombe: Habari kaka. Mume wangu aliweka 3L mwaka jana, inafanya kazi vizuri ila asubuhi za Juni na Julai inasumbua kuwaka, inatoa moshi mweupe halafu inazima. Mchana haina shida.

Jibu: Salama dada. Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli isiyoungua, anza na hita plagi. Zitoeni zote nne, moja moja muiguse kwenye betri kwa waya kwa sekunde chache, iliyo nzima inakuwa nyekundu nchani. Ishikeni kwa koleo, msiishike kwa mkono. Volti yake someni kwanza, maana ya 6 itaungua kwenye betri ya 12, kama nilivyosema Hatua ya 9. Zikiwa nzima zote, pimeni kama umeme unazifikia, rilei hufa kimya kimya. La tatu ni betri: ikizungusha injini polepole, hewa haipati joto la kutosha. Na oili nzito mnayotumia Chimala, kwenye baridi ya Njombe inakuwa gundi. Wekeni 15W-40.

Mama Parachichi Njombe: Asante sana kaka. Hita mbili zilikuwa zimekufa.

Mzee wa Chunya: Yangu inatoa moshi mweusi ikipanda. Injini nilifungiwa Dar, kule ilikuwa safi.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Pampu imesetiwa kwa hewa ya Dar. Huku hewa ni pungufu, mafuta ni yale yale, yanazidi hewa, yanatoka meusi. Safisha kwanza chujio la hewa. Likiwa safi na moshi upo, mpe fundi wa pampu apunguze skrubu ya mafuta kidogo kidogo. Asiguse bila kuweka alama pa kurudia.

Dogo Uyole: Hii inafaa kwenye IST?

Jibu: Hapana.

Mkulima Mporoto: Difu nayo nibadilishe? Gari langu lilikuwa 22R.

Jibu: Kwanza ijue uliyonayo. Gia iwe huru, gurudumu la mbele liwekee mawe pande zote, handibreki iachie. Inua gurudumu MOJA tu la nyuma, jingine libaki chini. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu lililo juu mizunguko MIWILI kamili huku mwenzako anahesabu propela. Idadi anayoipata ndiyo uwiano wa difu yako.

Mkulima Mporoto: Kwa nini miwili?

Jibu: Kwa sababu jingine limesimama. Difu ikiwa na upande mmoja umesimama, ule mwingine unazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa gia kubwa ya ndani.

Mkulima Mporoto: Propela imezunguka mara nne na theluthi hivi.

Jibu: Hiyo ni 4.3. Kwa mizigo ya Uporoto iache, itakufaa. Kwenye lami ya Igawa utaona injini inalia kwenye 90, basi tembea 80. Difu ukishaifikia, badilisha na oili yake, na legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya juu ikigoma kufunguka na ya chini umeshamwaga, gari litalala hapo.