Somo: Kusimamisha dishi la futi 6 kwenye nguzo uani

Dishi kubwa likianza kusumbua, wengi hukimbilia kubadilisha LNB (kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) au kununua king'amuzi kipya. Mimi katika kazi hii hapa Dar es Salaam, mara nyingi kosa nimelikuta chini, kwenye nguzo. Kwa hiyo nguzo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu. Mfano wetu ni dishi la sm 180 la C (bendi ya masafa ya chini), linalotazama setilaiti ya Intelsat 20 iliyo nyuzi 68.5 mashariki.

1. Mahali
Kwa Dar, setilaiti hii iko mashariki ikiegemea kaskazini kidogo: nyuzi 78 kwenye dira, mwinuko (pembe kutoka usawa wa ardhi) nyuzi 55. Mwembe uliozidi kimo cha dishi kwa mita 10 uwe zaidi ya mita 7 kutoka kwenye nguzo, na ukumbuke mti unakua. Dira ishike mbali na chuma, maana sindano itavutwa.

2. Nguzo
Tafuta bomba la chuma la inchi 3, lenye zinki, urefu mita 3. Nenda dukani na kola ya dishi (sehemu ya nyuma inayoshika nguzo) uijaribishe hapo hapo. Karibu na ncha ya chini, chomelea vipande viwili vya nondo kwa msalaba. Bila msalaba huo, upepo wa kusi utalizungusha bomba ndani ya zege kidogo kidogo, nawe utakuwa unalenga upya kila mara bila kujua sababu. Ncha ya juu izibe, maji yasiozeshe bomba kwa ndani.

Shimo liwe na kina cha mita 1 na upana wa sm 60. Kwenye mchanga wa pwani chimba zaidi. Zege ni saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Juu lipe mteremko ili maji ya mvua yakimbie nguzo.

Sasa chukua pima maji, kifaa cha kupimia unyoofu, uiweke kwenye bomba. Pima upande mmoja, kisha upande unaokatana nao kwa pembe mraba, halafu tegemeza bomba kwa mbao tatu. Rudi baada ya nusu saa upime tena, kwa sababu zege bichi hushuka na kusukuma bomba. Nguzo ikiinama, kila ukizungusha dishi kushoto au kulia mwinuko nao unabadilika, na hapo ndipo mafundi hupoteza siku nzima. Acha zege siku 7, ukilimwagilia asubuhi na jioni. Mteja atakuharakisha; usikubali.

3. Kuunga dishi
Liunge chini, kwenye sakafu tambarare. Bolti zote zikae kwa mkono kwanza, ndipo ukaze kwa kukatiza. Vuta kamba nyembamba mbili ukingo hadi ukingo kwa msalaba: zikigusana tu katikati, ukingo uko sawa. Zikiachana au zikisukumana, dishi limepinda.

Umbali wa LNB usiukisie. Pima kina cha dishi katikati. Kikiwa sm 30, basi 180 × 180 ÷ (16 × 30) = sm 67.5. Hapo ndipo mdomo wa LNB unapokaa.

4. Kulenga
Pandisheni watu watatu, siku isiyo na upepo. Laza ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu hadi wa chini na uweke simu yenye programu ya kupima mteremko. Angalia hapa: kwa mwinuko wa 55, ubao utasoma 35 kutoka usawa wa ardhi, yaani 90 kutoa 55. Kisha zungusha polepole kuzunguka nyuzi 78 ukilisogeza kila mara kwa kiasi cha upana wa kidole, mpaka mawimbi yapande, na kaza bolti ukitazama kipimo, kwani kukaza kwenyewe husogeza dishi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Niko Mwanza, nitumie vipimo hivyo hivyo?*
Marahaba. Hapana. Kwako ni karibu nyuzi 86 kwenye dira na mwinuko 49. Dishi litatazama chini zaidi kuliko la Dar, kwa hiyo chunguza miti na ghorofa za jirani.

*Mkuu, naweza kuweka na LNB ya KU kwenye dishi hilo hilo?*
Unaweza, kaka, dishi likiwa la bati zima. Ila fahamu kwamba kwa C mwali wa dishi hili (sehemu ya anga linayoiona) una upana wa kama nyuzi 3, kwa KU, bendi ya masafa ya juu zaidi, ni kama nyuzi 1. Nguzo inayotikisika kidogo C itaivumilia, KU haitaivumilia.

*Dishi langu la wavu lilishika vizuri, masika yalipoanza likapoteza chaneli. Ni mvua?*
Mvua huisumbua sana KU, C haiisumbui kiasi hicho. Dada, nenda kaweke pima maji kwenye nguzo. Udongo ukilowa, zege fupi huinama. Ikiwa imeinama, usilenge upya; chimba pembeni, isimamishe, na uongeze zege.