Namna ya Kumfundisha Sungura Mdogo Kujisaidia Ndani ya Beseni

Wengi wanaofuga sungura ndani ya nyumba za kupanga hapa Kampala hulalamika kwamba mnyama huyu huchafua kila mahali, ilhali kwa tabia yake sungura hupendelea kukojoa mahali pamoja, hasa konani. Kazi ya mfugaji ni kuitambua kona ambayo sungura ameichagua mwenyewe, kisha kumwekea choo hapo hapo. Maelezo haya yanamhusu sungura aliyekwisha kuachishwa kunyonya, yaani wa kuanzia wiki 8 hivi.

Hatua ya 1: Beseni

Beseni la kufulia linatosha, mradi sungura aweze kuingia mwili mzima na kugeuka bila kubanwa. Kwa kuwa mdogo hawezi kuruka ukingo mrefu, kata sehemu moja ya ukingo ibaki sentimita 8 hivi, halafu uilainishe kwa msasa ili isimkwaruze tumboni.

Hatua ya 2: Matandiko

Tandika magazeti kadhaa chini, kisha nyasi kavu juu yake. Hapa inafaa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sungura hutafuna karibu kila anachokikanyaga. Mchanga wa choo cha paka, ule unaoganda ukilowa, usitumike kabisa: akiumeza unaweza kuziba utumbo, na sungura hana uwezo wa kutapika. Vumbi laini la mbao kutoka kwa seremala humwingia puani na kumsumbua mapafu. Makapi ya kahawa, ambayo wafugaji wa kuku nchini Uganda huyatandika mabandani, hupatikana kwa urahisi, lakini yana kafeini, nami siyapendekezi kwa sungura.

Hatua ya 3: Eneo dogo kwanza

Usimwachie nyumba nzima. Mzungushie uzio katika eneo dogo, takriban mita moja na nusu kwa mita moja, kisha uangalie anakojoa wapi. Weka beseni kwenye kona hiyo, pamoja na kipande cha karatasi kilichofuta mkojo wake na punje chache za kinyesi, ili harufu imwelekeze. Akihamia kona nyingine na kuing'ang'ania, beseni nalo lihamie huko. Kubishana naye ni kupoteza muda.

Anapokaribia kukojoa utamwona akirudi nyuma kuelekea konani, akiinua mkia na kutulia ghafla. Wakati huo mwelekeze taratibu hadi kwenye beseni. Kumpiga au kumsukuma pua kwenye mkojo kutamfundisha jambo moja tu, nalo ni kukuogopa.

Hatua ya 4: Nyasi za kula

Kama ungefuata hatua moja tu, ningekushauri ufuate hii. Sungura hula huku akijisaidia. Kwa hiyo nyasi zake zining'inizwe upande mmoja wa beseni, kwa namna ambayo hawezi kuzifikia bila kukaa ndani yake. Katika mvua za Machi hadi Mei, nyasi zinazouzwa mjini mara nyingi huwa na unyevu, hivyo zikaushe vizuri kwanza na utupe zenye ukungu.

Hatua ya 5: Usafi

Ondoa matandiko yaliyolowa kila siku, lakini bakiza kidogo yenye harufu. Utando mweupe unaoganda ndani ya beseni ni kalsiamu ya mkojo, nao hulainika ukilowekwa kwa siki nyeupe. Epuka dawa ya klorini, kwani ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu. (Kinyesi unaweza kukiweka moja kwa moja kwenye migomba.)

Usishtuke ukiona mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu, kwa maana mara nyingi rangi hiyo hutokana na majani aliyokula. Akijikamua kwa shida au akiacha kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vilevile kuna kinyesi laini, kinachong'aa na kushikamana kama kichala cha zabibu, ambacho yeye hukila chenyewe. Usimzuie, kwani ni sehemu ya lishe yake.

Hatua ya 6: Balehe

Kati ya miezi 3 na 6 hata aliyekwisha kujifunza huanza kunyunyiza mkojo ili kuweka alama za himaya yake. Mrudishe katika eneo dogo, na uzungumze na daktari kuhusu kumhasi, ukimuuliza kwanza kama amewahi kupasua sungura, kwa sababu dawa za usingizi kwa mnyama huyu zinahitaji uzoefu. Jike ambaye hakuondolewa kizazi ana hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba anapozeeka. Baada ya upasuaji tabia hubadilika polepole, kwa wiki kadhaa.

Akishatumia beseni bila kukosea, mwongezee chumba kimoja kimoja. Ukimfungulia chumba kilicho mbali, weka humo beseni la pili, kwani sungura mdogo hatatembea mwendo mrefu kulitafuta la kwanza.