Kufunga na Kufungua Vipuri Vinavyobana kwenye Shafti za Injini Ndogo

Beringi mpya inaweza kuharibika kabla injini haijawashwa hata mara moja, na mara nyingi kinachoiharibu ni nyundo iliyotumika kuifunga. Kwa hiyo yeyote anayetengeneza jenereta, pampu ya maji au pikipiki hapa Dar es Salaam anapaswa kushika kanuni moja kabla ya kushika spana: nguvu ipite kwenye sehemu ile inayobana, isipite kwenye gololi zilizo kati ya ringi mbili za beringi. Beringi inayobana kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka, husukumwa kwa kupitia ringi yake ya ndani, na ile inayobana ndani ya nyumba yake, yaani tundu inamokaa, husukumwa kwa kupitia ringi ya nje. Ukigonga ringi ya nje ili ringi ya ndani iingie kwenye shafti, kila pigo hupita kwenye gololi, nazo huacha vishimo kwenye njia zinamopita. Huenda usivione kwa macho, lakini injini ikianza kazi utavisikia kama mngurumo, na beringi hiyo haitadumu.

Kufungua huanza kwa kuondoa kila kinachozuia. Tazama kama kuna sakilipu, yaani ringi ya springi inayozuia kipuri kisitoke, kisha kagua shingo ya puli, gurudumu linalovaa mkanda, kwa sababu mara nyingi huwa na skrubu isiyo na kichwa iliyofichwa na rangi au grisi iliyoganda. Ukishaitoa, chungulia tena ndani ya tundu hilo hilo, maana baadhi ya watengenezaji huweka mbili, moja juu ya nyingine, na fundi aliyetoa ya juu peke yake atavuta puli mpaka ivunjike bila kuelewa inashikwa na nini. Halafu safisha kwa msasa ile sehemu ya shafti ambayo kipuri kitapita kinapotoka. Injini zinazofanya kazi karibu na bahari, kuanzia Feri hadi Kunduchi, hupata kutu upesi kwa sababu ya hewa yenye chumvi, na kutu hiyo huziba njia kiasi kwamba puli iliyokwisha kuachia hukwama tena baada ya kusogea kidogo. Tia mafuta ya kupenya, uyaache usiku kucha.

Kifaa cha kuvutia kipuri kwenye shafti huitwa pula. Yenye miguu mitatu ni bora kuliko ya miguu miwili, kwa kuwa huvuta sawasawa pande zote. Miguu yake ishike nyuma ya shingo ya kipuri, karibu na shafti kadiri inavyowezekana, wala isishike ukingo wa puli, hasa puli ya chuma cha kuyeyushwa, ambayo huvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Ncha ya bolti ya pula isigandamize uzi wa shafti moja kwa moja. Weka kipande cha chuma katikati ili kukinga. Kaza, subiri kidogo, gonga kichwa cha bolti ya pula pigo moja la wastani, kisha kaza tena. Vaa miwani na usisimame mbele ya pula iliyokazwa. Kama beringi imeshikika kwa ringi ya nje tu na hakuna njia nyingine, ivute hivyo, lakini usiirudishe kwenye injini hata kama inazunguka vizuri.

Kipuri kikigoma, tumia joto. Chuma chenye tundu la milimita 25, kikipashwa nyuzi 80 zaidi ya shafti, hutanuka kwa takriban milimita 0.024, na mara nyingi kiasi hicho kinatosha kuondoa mbano wote. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya hapo. Siri ni kupasha shingo ya kipuri kwa haraka na kuizunguka pande zote, ili shafti ibaki na ubaridi wake, kwa sababu vyote viwili vikipata joto kwa pamoja hutakuwa umepata kitu. Tangi la petroli litolewe na kupelekwa mbali kabla ya moto kuwashwa, na sili za mpira zilizo karibu zihesabiwe kuwa zimekwisha.

Flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, inahitaji uangalifu wa peke yake kwenye injini ndogo, kwa kuwa kwa kawaida hukaa kwenye ncha iliyochongoka ya krenki, shafti kuu ya injini. Inayobeba nguvu hapo ni msuguano wa nyuso mbili zilizochongoka. Kii, kile kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kazi yake ni kuweka flaiwili mahali pake ili moto wa plagi uje kwa wakati. Kwa hiyo nyuso hizo zifungwe zikiwa kavu na safi, bila tone la mafuta, na nati ikazwe kwa spana ya kupimia kufuata kipimo cha mtengenezaji wa injini hiyo. Nati ikilegea, kii hukatika au huliwa, na injini hupiga teke au hukataa kuwaka. Wakati wa kufungua, rudisha nati hadi iwe sawa na mwisho wa shafti ili kulinda uzi, kisha tumia pula inayoingia kwenye matundu au uzi wa flaiwili yenyewe. Usiivute kwa ukingo, na usiipashe moto, kwa sababu sumaku zake hupoteza nguvu zikipata joto kali. Kama huna pula inayolingana, mkerezaji wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kukutengenezea bamba lenye matundu yanayofuata ya flaiwili yako.

Nasisitiza hapa jambo linalonisikitisha kila ninapoliona. Krenki ya pikipiki nyingi na ya injini nyingi za stroku mbili si kipande kimoja. Ni vipande vilivyogandamizwa pamoja kwa presi. Ukiigonga nyundo kwenye ncha, vipande hivyo husogea, shafti hupinda kwa kiasi usichokiona, na mtetemo unaofuata hula beringi mpya zote mbili.

Kabla ya kufunga beringi, pima. Beringi namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15. Mbano unaotakiwa kwenye shafti ni wa sehemu chache za mia za milimita, pengine moja au mbili, kiasi ambacho vernia, kipimo cha kawaida cha fundi, haikioni kwa uhakika. Tumia maikromita, ambayo hupima kwa usahihi zaidi. Beringi ikiingia kwa kusukumwa na kidole mahali ilipotakiwa kubana, shafti imelika. Usipige nukta za senta panchi, kile chuma chenye ncha kali, kuizunguka shafti ili ibane, kwa kuwa beringi itashikwa na vilele vya nukta tu, navyo vitasagika mapema. Shafti ijazwe kwa kulehemu na kukerezwa upya, na waya wa ardhi wa mashine ya kulehemu usiwekwe mahali ambapo umeme utapita kwenye beringi.

Beringi isiyo na vifuniko inaweza kupashwa hadi nyuzi 110 hivi katika oveni, au katika mafuta safi ikiwa imening'inizwa kwa waya ili isiguse kitako cha sufuria. Yenye vifuniko vya mpira na grisi isizidi nyuzi 80: ifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uitie katika maji ya moto yasiyochemka. Shafti iliyotolewa kwenye injini inaweza kuwekwa kwenye friza, na ikitoka kwenye nyuzi hasi 18 kuingia kwenye joto letu la 30 itakuwa imesinyaa kidogo, jambo linalosaidia sana. Ila kwa unyevu wa Dar es Salaam italowa umande papo hapo. Ifute na kuipaka mafuta mepesi mara beringi inapokaa.

Isukume beringi mpaka iguse bega la shafti, kisha uishikilie hapo hadi ipoe, kwa sababu inapopoa husinyaa na huweza kurudi nyuma ikaacha mwanya. Ikilazimu kugonga, tumia kipande cha bomba chenye upana wa ringi ya ndani peke yake. Ikishapoa, izungushe kwa mkono polepole: ikikwaruza au ikisita mahali fulani, ifungue na uweke nyingine kabla ya kurudisha kifuniko cha injini.