Kabla Hujakoroga Kijiko cha Ashwagandha

Nimekaa miaka tisa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Ngara, na kila wiki haikosi mtu wa kuniwekea mezani kopo la ashwagandha, ule mzizi wa dawa za asili za Kihindi: "Dada, hii inanywewa vipi?" Nami namuuliza kwanza anameza dawa gani nyingine.

Zamani sikuuliza. Nilimuuzia mama mmoja unga huo kwa ajili ya usingizi, bila kujua kwamba kila asubuhi anameza kidonge cha tezi ya shingo. Aliporudi baada ya wiki kadhaa mikono ilikuwa inamtetemeka hadi chenji ikamponyoka, na moyo, alisema, unamwenda mbio hata akiwa amelala. Ashwagandha inaweza kupandisha homoni za tezi hiyo. Daktari wake alimwachisha unga mara moja. Sijasahau zile sarafu zikibingirika sakafuni.

Kwa hiyo kama unameza dawa ya tezi, sukari, presha, kifafa, usingizi, au ya kutuliza kinga ya mwili, usianze bila kumwona daktari. Mjamzito na anayenyonyesha waiache kabisa, na mwenye ugonjwa wa ini pia. Ukiwa na upasuaji unaokuja, mwambie daktari wako mapema.

Asiye na hayo, soma lebo. Hapa ndipo wengi hukosea. Unga ni mzizi uliosagwa tu. Ukifungua kopo harufu yake inakupiga puani, na jina lenyewe kwa Kisanskriti limetokana na harufu ya farasi. Vidonge vingi ni dondoo, yaani nguvu ya mzizi iliyokusanywa pamoja. Katika utafiti mwingi watu walipewa miligramu 300 hadi 600 za dondoo kwa siku, kwa wiki nane hivi. Usihesabu unga kwa kipimo cha dondoo, wala usichanganye vyote viwili. Wa unga, anza na nusu kijiko cha chai kwenye maziwa ya moto, usiku, ukiwa umekula. Tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuhara.

Usitarajie muujiza usiku wa kwanza. Wanaosaidika hulala vizuri kidogo na wasiwasi ukapungua, tena baada ya wiki kadhaa. Ikikulevya usingizi mchana, usiendeshe boda boda.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni ini kudhurika. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea: macho yakiwa manjano, mkojo ukawa kama strungi, mwili ukawasha, acha siku hiyo hiyo. Denmark iliipiga marufuku ashwagandha mwaka 2023, na sioni kwamba walikuwa wanacheza.

Andika tarehe uliyoanza kwenye kifuniko cha kopo kwa kalamu ya wino. Ikifika miezi mitatu, simamisha. Na ukienda hospitali kwa lolote, beba kopo lenyewe, daktari alione.