Somo: Kuhesabu varoa kwa sukari ya unga

Wadau, niliahidi somo hili. Varoa ni utitiri wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mpana kuliko alivyo mrefu, kama milimita moja na nusu. Anamng'ang'ania nyuki mwilini na kuzaliana ndani ya vyumba vya majana (watoto wa nyuki) vilivyofunikwa. Kenya na Tanzania aligundulika 2009. Wengi humu husema "kwangu hayupo". Ukiwauliza wamehesabu lini, kimya.

Andaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipimo cha nusu kikombe, vijiko 2 vya chakula vya sukari ya unga, beseni, sinia jeupe, maji, na wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 wa kufunika chupa badala ya mfuniko.

Hapo kwenye wavu nitulie kidogo. Mara yangu ya kwanza nilikata wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Mizinga sita, sifuri sita. Nikatamba kijiji kizima. Kumbe sukari ilipita, varoa wakabaki ndani pamoja na nyuki, nami nikawarudisha wote nyumbani kwao salama salimini.

Hatua ya 1. Nenda saa kumi na moja jioni, mwanga ungalipo. Puliza moshi kidogo, toa sega lenye majana. La asali liache, maana varoa huwapenda nyuki walezi. Mtafute malkia kwanza. Akiwa hapo, rudisha, chukua sega jingine.

Hatua ya 2. Kung'utia nyuki kwenye beseni, ligonge wakusanyike pembeni, chota nusu kikombe, mimina chupani, funga wavu. Hao ni kama 300. Nyuki wetu ni wadogo, huenda wakazidi kidogo. Si neno, mradi utumie kipimo kilekile kila mzinga.

Hatua ya 3. Pitishia sukari juu ya wavu, vingirisha chupa taratibu mpaka nyuki wawe weupe kama watu wa mashine ya kusaga. Weka kivulini dakika 2. Vumbi hilo huwafanya wajisafishe, na miguu ya varoa hukosa pa kushika. Sukari iliyoota unyevu haifai. Huku Pwani wakati wa masika huganda kwenye mfuko.

Hatua ya 4. Pindua chupa, tikisa juu ya sinia kama unachekecha unga, dakika nzima. Nyunyiza maji. Sukari ikiyeyuka utaona vidoa vyekundu, vingine vinatembea. Hesabu, gawa kwa 3: hiyo ndiyo idadi kwa nyuki 100. Iandike, kisha mwagia nyuki mzingani.

MASWALI (kila muuliza kwa jina la mahali alipo)

Manyoni: Shikamoo mwalimu. Hao wa sukari hawafi?
— Marahaba. Hawafi, wenzao huwalamba. Wanaokufa ni wale unaowasahau juani ndani ya chupa.

Kitui: Nimepata 24, yaani 8 kwa 100. Nasikia Marekani wakifika 3 wanaweka dawa. Ninunue?
— Usinunue, kaka. Kiwango hicho ni cha nyuki wenye asili ya Ulaya. Mtafiti Elliud Muli na wenzake walipima makundi ya nyuki katika maeneo 24 ya Kenya, wakachapisha 2014: varoa wako karibu kila mahali, na huongezeka kadiri unavyopanda milimani, lakini hawakuona kuwa makundi yenye varoa wengi ni madogo kuliko mengine. Ukiweka dawa, mabaki yanaingia kwenye nta, na hutajua tena kundi lipi linajimudu lenyewe. Rudia kuhesabu msimu huu na ujao. Mzinga unaobaki na idadi ndogo, na asali unatoa, huo ndio wa kugawa kundi.

Sikonge: Sisi wa mizinga ya magogo je?
— Ni tabu, dada. Ukivuna, chota nyuki walio karibu na majana. Usivunje majana kwa ajili ya hesabu.

Pangani: Mwalimu, nimepima mizinga minne leo, yote sifuri!
— Wavu wako umeutoa wapi?